Kifuko Nilichokiacha Kikapuni

Sogeeni, wanangu, kaeni mahali nitakapowaona wote watatu bila kugeuza shingo. Wewe kifungua mimba keti hapo miguuni, wewe binti yangu kaa kwenye kiti cha mama yako, na wewe kitinda mimba weka kalamu chini, haya si ya kuandika. Msiniulize kama nimekunywa dawa, nimekunywa. Msiniambie nipumzike, mapumziko yako mbele yangu na ni marefu. Nataka niseme mara moja, na mkinikatiza mtakuwa mmenipa kisingizio cha kunyamaza, nami ni hodari wa visingizio, nimeishi navyo miaka arobaini na minne.

Saa kumi anakuja mzee Taratibu, yule seremala. Jana nilimtumia salamu kwamba nina neno naye, na yeye, kama kawaida yake, hakuuliza ni neno gani, alisema tu atakuja akimaliza kupiga randa mlango wa watu. Neno lenyewe nimelikwepa tangu mimi na yeye tuna nywele nyeusi. Naogopa, wanangu. Naogopa kumtazama yule mzee kuliko ninavyoogopa kufa. Ndiyo maana nawaambia ninyi kwanza, ili nikifa kabla hajafika, au nikiingiwa na woga nikaanza kumwuliza habari za magoti yake, ninyi mmeshasikia na hamtanyamaza. Nimejifungia mwenyewe mlango wa kukimbilia.

Aliyenisukuma ni wewe, kitinda mimba, bila kujua. Jana uliponisomea ile karatasi yako sikukasirika. Kuandika wasifu wa marehemu kabla hajawa marehemu ni kazi ya katibu mwangalifu, na wewe tangu utotoni ulikuwa ukipanga viatu vya wageni kabla hawajabisha hodi. Umeandika vizuri mpaka nikaanza kumpenda huyo mzee unayemsema. Halafu ukafika pale uliposoma kwamba Bwana mwenyewe alimchagua kwa kura mbele ya kusanyiko lote awe mchungaji, ukainua macho ukaniuliza kama mwaka ni sahihi. Nikakuambia mwaka ni sahihi. Ukaenda zako umeridhika, nami nikageukia ukuta na uso unaniwaka kama wa mtoto aliyekojolea godoro la wenyewe. Mwaka ni sahihi, mwanangu. Yaliyobaki ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Vuteni hilo sanduku la mbao chini ya kitanda. Msilifungue bado, liacheni hapo nilione.

Mnajua kwamba kabla ya kuwa mchungaji nilikuwa fundi cherehani. Chumba changu kilikuwa mkabala na kanisa, dirisha moja, meza moja ya kukatia, na ukutani nilitundika kioo ambacho wateja walijitazamia mara moja na mimi nikajitazamia siku nzima. Taratibu alikuwa na karakana yake nyuma ya chumba hichohicho, tukitenganishwa na ukuta wa mbao, kiasi kwamba akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka. Tulibatizwa siku moja. Tuliongoza vijana pamoja, tulihubiri kwa zamu. Mimi nilihubiri kwa sauti na mikono, watu wakapiga makofi. Yeye alihubiri kama anavyopima ubao, polepole, akirudi nyuma kuhakikisha, na watu walitoka kimya, na Jumatatu unakuta mtu amekwenda kumwomba jirani yake radhi. Nililiona hilo. Lilinichoma, nikajitia hamnazo.

Ikatokea nafasi moja ya kwenda chuo cha uchungaji, moja tu, na kanisa lilikuwa na vijana wawili. Wazee wa kanisa wakabishana miezi mitatu mpaka wakaanza kukaa mabenchi tofauti. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa mzee sana, miwani yake mizito kama vitako vya chupa, na ugomvi ule ulimtoa machozi. Siku moja akasema basi, tumechoka kuchagua sisi, tupige kura mbele za Mungu kama walivyofanya mitume, na litakalotoka hakuna kulirudia. Watu wote wakasema amina. Kura yenyewe iwe vifuko viwili vya kitambaa kimoja, ukubwa mmoja, kimoja kina karatasi iliyochorwa msalaba, kingine kina karatasi tupu, na vyote vishonwe kabisa, visifunguliwe mpaka siku hiyo. Na nani atavishona? Fundi alikuwa mmoja. Akanipa karatasi mbili mkononi akaniambia, shona mwanangu, kisha uvichanganye, hata wewe mwenyewe usijue.

Leo mnanitazama kwa mshangao, mnajiuliza ni watu gani hao wanaompa mshindani kura azishone mwenyewe. Ni watu ambao hawakufikiria hata dakika moja kwamba mtu anaweza kumdanganya Mungu kwa sindano. Hakuna mzee aliyesema tumpe mwingine. Hata Taratibu, ambaye mambo yake yalikuwa humo, alichungulia dirishani akaniuliza kama nina taa ya kutosha.

Sasa sikilizeni. Kifuko cha karatasi tupu nilikifunga kwa mshono wa kawaida, sindano inakwenda mbele tu. Kifuko cha msalaba nilikifunga kwa mshono wa kurudia, kila hatua sindano inarudi nyuma nusu, uzi unalala mnene juu ya uzi. Kwa macho huoni kitu, maana uzi ni uleule na rangi yake ni ya kitambaa chenyewe. Lakini kidole cha fundi kinaona. Nilipomaliza nikavichanganya kama nilivyoagizwa, nikafumba macho, nikavigusa, nikajua. Wakati huohuo nilikuwa naimba wimbo wa kujitoa kwa Mungu, na nilikuwa naimba kwa moyo, hilo ndilo la kutisha. Nilijiambia kwamba Mungu ananitaka mimi, ila ananiachia nimsaidie kidogo.

Na si hilo tu. Chini ya mabaki ya vitambaa, kwenye kreti, kulikuwa na joho. Joho la mchungaji, jeusi, limekamilika mpaka vifungo. Nilikuwa nimejishonea mwenyewe kwa vipimo vyangu miezi miwili kabla ya kura, nikifunga mlango, nikilivaa mbele ya kile kioo na kunyoosha mkono wa kubariki. Ndilo joho lililomo humo sandukuni, binti yangu, lile ambalo juzi ulilianika juani ili mnizike nalo.

Jumapili ikafika. Vifuko vikawekwa kwenye kikapu cha sadaka, juu kikafunikwa kitambaa. Mkubwa achague kwanza, wakasema, nami nilimzidi Taratibu miezi minne. Tukapiga magoti, tukasema ile sala ya Bwana, na tulipofika pa kuomba mapenzi ya Baba yatimizwe sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Nikaingiza mkono.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Hili sijapata kumwambia mtu, hata mama yenu sikumwambia hili. Kifuko cha kwanza kilichokuja mkononi mwangu kilikuwa kile kitupu. Kilikuja chenyewe, kikalala kwenye kiganja. Laiti ningekuwa na vidole vya mtu mwingine yeyote mle kanisani, ningekitoa hichohicho, na mambo yangekuwa kama alivyotaka mwenye kutaka. Kura ilikuwa imeshapigwa, wanangu. Mungu alikuwa amejibu, na jibu nililishika. Nikaliachia, nikapapasa, nikachukua kingine.

Tukavichana kwa wembe upande wa chini, mishono ikabaki, na Taratibu akaona karatasi tupu katika chake. Akaitazama, akaigeuza na upande wa pili kama mtu anayetafuta mwandiko, kisha akatabasamu, akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Bwana amesema. Nenda, ndugu yangu, nenda kwa amani." Kesho yake akaniletea sanduku hilo. Nikamwambia mbona limekamilika, umelitengeneza lini? Akasema nililianza tuliposikia habari za chuo. Nikamwuliza, kwa ajili yako? Akanishangaa. "La yeyote atakayekwenda," akasema. Mimi nilishona joho la kunitosha mimi peke yangu, yeye akatengeneza sanduku la yeyote. Nililipokea, nikaweka joho ndani pamoja na vile vifuko viwili nilivyoviokota kanisani, nikaenda chuoni.

Mtasema ilikuwa ujana. Basi ngojeni ya utu uzima. Nilikuwa nimekaa mimbarini miaka ishirini, na mimbari yenyewe ni kazi ya mikono ya Taratibu, siku moja mchana akaja ofisini amevua kofia. Akaniambia, "Baba Mchungaji, nina jambo la aibu." Yeye ana jambo la aibu, wanangu, akanijia mimi. Akasema bado anaitamani ile kazi. Akasema ameshukuru, amenyenyekea, ameimba, lakini kila akinisikia nikihubiri anajikuta akihubiri mwenyewe moyoni, na anaogopa kwamba huo ni uasi, kwamba anapigana na mapenzi ya Mungu. Akaniomba nimwombee moyo wake ukubali. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango umefungwa, tuko wawili, mahali pazuri kuliko pote. Nikamwambia apige magoti, nikaweka mkono huuhuu juu ya kichwa chake, nikamwomba Mungu amwondolee tamaa. Akalia, akanishukuru. Jumapili iliyofuata nikahubiri juu ya kuacha mipango yetu miguuni pa Mungu, nikatoa mfano wa ndugu mmoja, bila kumtaja, na watu wakalia. Nilipewa mkono na wengi siku hiyo.

Sina uso wa kuwatazama, lakini nawatazama.

Mama yenu alijua kuhusu mshono. Alikuta vifuko kwenye sanduku mwaka wa pili wa ndoa, naye alikuwa mwenye vidole, akaniuliza kwa nini vimefungwa tofauti. Nilijaribu kumpiga chenga, akaniwekea vifuko vyote viwili mapajani mpaka nikasema. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwambie." Nikasema nitamwambia baada ya kuwekewa mikono. Baadaye nikasema baada ya kujenga kanisa, baada ya mkutano mkuu, baada ya watoto kukua. Mnakumbuka alivyokuwa akiinamisha uso benchi la tatu kila nikihubiri habari za kujikabidhi kwa Mungu? Ninyi mlidhani anaomba. Mimi nilijua anaona haya kwa niaba yangu. Siku ya mwisho, kwenye kitanda hikihiki, hakuniuliza tena, na kule kutoniuliza ndiko kulikoniumiza.

Na wewe, kifungua mimba, nyanyua uso. Ulitaka kutengeneza pampu za maji, tangu ukiwa mdogo unafungua kila chenye bomba, na mimi nikakuita sebuleni nikakuambia Mungu amenionyesha ndotoni ukiwa umevaa joho. Sikuota ndoto yoyote, mwanangu. Usiku ule nililala fofofo. Nilitaka mwana wa mchungaji awe mchungaji ili watu waone kwamba kura ile ilikuwa ya kweli mpaka kizazi cha pili. Ukaenda chuoni miaka miwili ukikonda, na ulipoacha ukarudi na spana zako nikakuambia umemkimbia Mungu. Ukakaa miaka sita bila kuvuka kizingiti changu, ukiamini umemkimbia. Hukumkimbia. Ulinikimbia mimi, na ulifanya vizuri. Kila mahali wanapoteka maji kwa pampu uliyoifunga wewe, kuna kazi uliyoitiwa. Nakuomba radhi. Usinijibu sasa, maana ukinijibu vizuri nitalia na sitamaliza.

Najua kuna kitu mnataka kuniambia kwa kunihurumia. Mnataka kuniambia kwamba watu walibatizwa, wagonjwa walitembelewa, walevi waliacha, na Mungu alinitumia. Ni kweli, alinitumia. Hakuwaacha watu wake na njaa kwa sababu mwenye kugawa chakula aliingia jikoni kwa dirisha. Lakini huo ni wema wake, msiugeuze kuwa cheti changu. Na kule karakanani, mtu mmoja alibeba miaka yote hatia ambayo haikuwa yake, akidhani anapigana na Mungu, kumbe alikuwa anapigana na kidole changu.

Basi nisikilizeni, na hili mlishike hata mkisahau mengine. Mtu anaweza kusema mapenzi ya Mungu asubuhi hadi jioni na kumaanisha yake mwenyewe, na asijue, au ajue na azoee. Ukiomba jambo, jipime: je, jibu la hapana lina nafasi ya kukaa ndani yako? Kama halina, hujaomba, umeagiza. Tamaa si dhambi. Taratibu aliitamani kazi ileile niliyoitamani mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliifungua mikono, kazi ikaondoka, ikamuuma, na bado mikono hakuikunja. Mimi niliikunja mapema, nami sijawahi kuwa na siku moja ya raha katika nilichokishika.

Na tazameni ugonjwa huu ulivyo mbishi. Hata juzi nilikuwa nimepanga niwaachie barua, muifungue baada ya mazishi. Mnauona ujanja? Nizikwe kwanza kwa joho, maaskofu wamesimama, wasifu umesomwa, halafu ukweli uje wakati macho yangu hayaoni nyuso zenu. Hiyo nayo ilikuwa kupapasa kikapuni. Nilitaka jina zuri, jamani. Katika vyote nilivyotaka duniani, hilo ndilo la mwisho, na limeng'ang'ania kuliko yote. Leo naliachia. Silitoi kwa furaha, nisiwadanganye tena, lakini naliachia.

Haya, ya nyumba ni mafupi. Nyumba ni yenu watatu, msiiuze kwa hasira. Cherehani ni yako, binti yangu, ukanyagio wake unahitaji mafuta. Sanduku hili lirudi kwa aliyelitengeneza. Joho mlitoe, na wewe binti yangu ulifumue lote, mshono mmoja mmoja, usilichane. Kitambaa chake bado kizima, washonee watoto wa jirani sketi za shule. Mimi mnivishe shati la kawaida. Wasifu, kitinda mimba, utauandika upya. Andika fundi cherehani, na andika alivyoupata uchungaji, usome kwa sauti ileile uliyonisomea jana. Mtatazamwa. Wengine watawacheka, wengine watawakwepa mlangoni pa kanisa, na aibu hiyo itakuwa yangu lakini mtaivaa ninyi. Nisameheni kwa hilo pia. Na wakiuliza nani aseme neno kaburini, mwulizeni Taratibu kama atakubali. Akikataa, msimsihi. Nizikeni bila neno.

Nawaombea... ngoja nivute pumzi. Nawaombea Mungu awanyime kila mnachokitaka ambacho hakuwakusudia, na awape moyo wa kuishi baada ya kunyimwa. Ndiyo baraka niliyo nayo. Kifungua mimba, mikono yako ibarikiwe na uchafu wake wa grisi. Binti yangu, Mungu akulipe kwa usiku wote uliokaa hapa. Kitinda mimba, uwe mtu wa kuandika yaliyotokea. Mpendane. Msi... mpendane tu.

Hiyo ni baiskeli. Anaiegemeza ukutani, mnasikia anavyoitafutia mahali isianguke? Ndiyo yeye. Amewahi leo, maisha yake yote hajawahi. Mfungulie, kitinda mimba. Ninyi wengine msitoke. Niinueni niketi, sitaki kumwambia nikiwa nimelala. Mto nyuma, hivyo. Fungueni sanduku sasa, chini ya joho, pembeni, mnipe vile vifuko. Vyote viwili.

Karibu, Taratibu. Hapana, kaa hapa kitandani, karibu zaidi, sauti imekwisha. Usinipe pole, tafadhali, usinipe pole kwanza. Nipe mkono wako. Shika hiki, pitisha kidole kwenye mshono. Polepole, kama ubao. Sasa shika na hiki.